Kuvu nyeupe chini ya jani la mbuni

Mwaka 1898 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Albrecht Zimmermann, alichapisha taarifa fupi kutoka bustani ya mimea ya Buitenzorg, kisiwani Java. Ilihusu maradhi yaliyozuka miongoni mwa vidugamba wa kijani waliokuwa wakinyonya mibuni. Walikufa kwa wingi, na kila aliyekufa alikuwa amezungukwa na utando mweupe. Muuaji alikuwa kuvu, na Zimmermann akaipa jina la Cephalosporium lecanii. Mwaka 1902 akaja Amani, kwenye milima ya Usambara, katika taasisi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa ndiyo kwanza inaanzishwa na Wajerumani. Alibaki hapo hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akaja kuwa mkurugenzi wake.

Kuvu ile imeshabadilishwa jina mara tatu tangu siku hizo. Vitabu vya zamani kidogo vinaiita Verticillium lecanii, tangu 2001 ikawa Lecanicillium lecanii, na sasa wataalamu wameihamishia kwenye jenasi ya Akanthomyces. Swali linaloihusu ni lile lile. Kama kuna kitu kinachoua vidugamba shamba zima bila mtu kugusa bomba, mbona mkulima wa kahawa bado anauziwa chupa ya sumu? Nimefuatilia swali hili muda mrefu, na naamini tumekuwa tukiliuliza upande usio wake. Tunaitazama kuvu kama dawa ambayo bado haijafungwa vizuri kwenye chupa, ilhali sehemu kubwa ya historia yake inaonyesha kwamba nguvu zake hutegemea jinsi shamba lilivyo kuliko kile tunachomwaga ndani yake.

Tuanze na mdudu. Geuza jani la mbuni ulioshambuliwa na utamkuta kandokando ya mshipa wa katikati, kiumbe bapa, rangi ya kijani kibichi kilichopauka, urefu wa kama milimita 3, na mgongoni ana mstari wa vidoa vyeusi uliojikunja. Huyu ndiye Coccus viridis. Karibu wote ni majike, nao huzaa bila dume. Mtoto akitoka chini ya mama hutambaa kwa muda mfupi, akichagua mahali huchomeka mrija wake kwenye jani, na baada ya hapo hahami sana. Kutwa anafyonza utomvu, na sukari inayomzidi anaitoa nyuma ikiwa matone matamu. Matone hayo huanguka kwenye majani ya chini, ukungu mweusi kama masizi huota juu yake, na jani linakosa mwanga. Ndugu zake ni wengi: jamii hii ina aina zipatazo 8,000, wakiwemo vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga wanaonyonya muhogo na mipapai, na wale wa ngao ngumu ambao wamejificha chini ya nta na magamba yao ya zamani.

Namna mdudu huyu anavyokula ndiyo inayoamua nani anaweza kumuua. Bakteria maarufu Bacillus thuringiensis, anayeuzwa duniani kote kwa ajili ya viwavi, lazima aliwe ndipo afanye kazi. Virusi vya viwavi ni vivyo hivyo. Kidugamba hatafuni jani. Anakunywa kutoka ndani ya mmea, mahali ambapo hakuna bakteria wala virusi uliyenyunyiza anayefika. Basi kati ya vijidudu vyote vinavyoua wadudu, ni kuvu peke yake inayomweza kwa kawaida, kwa sababu haingojei mdomo. Inapita kwenye ngozi.

Spora ikitua mgongoni mwake na kukuta unyevu, inavimba na kutoa mzizi mdogo. Ncha ya mzizi huo inajibana kwenye ngozi, inatoa vimeng'enya vya kuyeyusha mafuta, protini na kitini, kisha inasukuma kwa nguvu mpaka inapenya. Ndani yake kuvu huzaliana kwenye damu ya mdudu kwa siku kadhaa. Kidugamba anabadilika kutoka kijani kuwa njano, halafu kahawia. Akishakufa, nyuzi nyeupe hutokea pembeni mwa mwili, pale tumbo linapokutana na jani, zikatengeneza duara jeupe lililomgandamiza hapo hapo. Ukiliangalia duara hilo kwa kioo cha kukuzia utaona vijiti vyembamba, na kwenye ncha ya kila kimoja tone dogo linalong'aa. Tone hilo limejaa spora zilizoshikana kwa ute.

Ute huo unaeleza mengi. Spora za kuvu nyingi hupeperushwa na upepo mkavu, lakini hizi zimenata. Ili zihame zinahitaji mvua izirushe kutoka jani hadi jani, au zipande kwenye miguu ya sisimizi. Kwa hiyo kuvu hii ina deni mara mbili kwa maji: inayahitaji ili iote na inayahitaji ili isafiri. Nayo hupenda ubaridi wa wastani, nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, hali ambayo kahawa ya arabika yenyewe inaipenda.

Sasa tuje kwa watu waliojaribu kuitumia. Florida, nchini Marekani, ndiko matumaini yalikopanda juu kuliko kwingine. Mwaka 1897 Peter Henry Rolfs alieleza jinsi kuvu yenye vichwa vyekundu ilivyokuwa ikiwaua vidugamba wa San José kwenye miti ya matunda. Njia yake ilikuwa rahisi kabisa: kata kijiti chenye vidugamba waliokufa kwa kuvu, kifunge kwenye mti wenye vidugamba wazima, subiri mvua. Mwaka huo huo Herbert J. Webber aliipa jina kuvu nyingine, Aschersonia aleyrodis, inayotengeneza vifundo vya rangi ya chungwa juu ya watoto wa nzi weupe, ambao ni jamaa wa karibu wa vidugamba. Wakulima wa michungwa wakazipenda kuvu hizi, wakaziita rafiki zao. Zikakuzwa kwenye chupa, juu ya vipande vya viazi vitamu, na ofisi ya jimbo kule Gainesville ikawa inawauzia wakulima ili wachanganye na maji na kunyunyiza.

Hapo ndipo maji ya baridi yalipomwagwa. A. W. Morrill na E. A. Back, katika ripoti yao ya mwaka 1912 kuhusu nzi weupe wa Florida, walihitimisha kwamba mahali ambapo kuvu imeshajikita, kuinyunyiza tena hakuongezi kitu cha maana. Ilikuwa inasambaa yenyewe. Mtaalamu wa kuvu Tom Petch, aliyefanya kazi Peradeniya, Ceylon, kuanzia 1905, akaendeleza hoja hiyo kwa ukali zaidi. Petch alizijua kuvu za vidugamba kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, na alikuwa akiishi katika nchi iliyoona kahawa yake ikiangamizwa na kutu ya majani, kisha kidugamba wa kijani akaja miaka ya 1880 kumalizia mibuni iliyosalia. Alikuwa na kila sababu ya kutamani kuvu ifanye kazi. Hata hivyo alishikilia kuwa mtu hawezi kuanzisha mlipuko wa maradhi kwa kupenda. Kuvu ipo, inangoja hali ya hewa na wingi wa wadudu. Hali ikifika, inawaka bila kuitwa, na isipofika, utanyunyiza bure.

Wengi walimsoma Petch kama mtu aliyezifukuza kuvu kwenye kilimo. Mimi namsoma tofauti. Kusema kwamba mnyunyizo wa pili hauongezi kitu ni kukiri kuwa kazi tayari inafanyika. Swali linalobaki ni nini kinaikwamisha pale isipofanyika, na Florida ilikuwa na jibu lake machoni. Wakulima waliokuwa wakipiga mchanganyiko wa mrututu na chokaa kuzuia magonjwa ya majani ya michungwa waliona kwamba baada ya msimu au miwili vidugamba waliongezeka. Maelezo yakaja haraka: shaba iliyomo kwenye mrututu inaua kuvu mbaya na nzuri kwa pamoja.

Maelezo hayo yanavutia mno, na ndiyo maana yanahitaji kuangaliwa vizuri. Mwaka 1943 J. K. Holloway na T. Roy Young walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba ongezeko la vidugamba wa zambarau lilitokana zaidi na unga wa mabaki unaobaki kwenye jani, kuliko na shaba kuua kuvu. Miaka michache baadaye Francine Fisher na wenzake walikuta ndani ya vidugamba hao hao kuvu ndogo ya jamii nyingine, Myiophagus, isiyoonekana kwa macho, ambayo watangulizi wao hawakuwa wakiihesabu. Mjadala haukufungwa kwa upande mmoja kushinda. Lakini kwa mkulima matokeo ya pande zote mbili yanakwenda mahali pamoja: alinyunyiza ili kutibu ugonjwa mmoja akajiongezea wadudu.

Udhaifu mkubwa wa kuvu hizi ni wakati, na mfano ulio wazi kwangu unatoka Kongo. Kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuyamaliza mashamba. Huko Kongo-Brazzaville watafiti waligundua kwamba kuvu iitwayo Neozygites fumosa ilikuwa ikimuua kwa wingi. Bila shaka ilikuwa habari njema. Shida ni kwamba ilimuua wakati wa mvua, na kidung'ata huyu hustawi kiangazi. Mvua zenyewe humpunguza kwa kumpiga na kumwangusha. Kuvu ilifika msimu ambao muhogo ulishapata nafuu. Aliyeokoa muhogo wa Afrika ni nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, aliyetafutwa Paraguay na kuanza kuachiwa Nigeria mwaka 1981. Nyigu hutafuta kidung'ata jani kwa jani hata akiwa mmoja. Kuvu haitafuti. Inahitaji wadudu wawe wengi na wakaribiane, na mpaka wafikie hapo mmea umeshaumia.

Je, ndiyo basi? Kwenye muhogo, karibu niseme ndiyo. Kwenye kahawa hadithi inageuka, na inageuzwa na sisimizi.

Kila mtu aliyechuma kahawa anajua kwamba penye vidugamba pana sisimizi. Wanafuata yale matone matamu, na wanawalinda vidugamba dhidi ya nyigu na bungo wala-wadudu kama mfugaji anavyolinda mifugo yake. M. J. Way alilichunguza jambo hili Zanzibar kwa majimoto na vidugamba wanaoishi nao, akachapisha matokeo yake mwaka 1954. Alionyesha kwamba faida ya sisimizi haiishii kwenye ulinzi. Kule kuondoa matone tu kunawaweka vidugamba safi. Ukiwaondoa majimoto, utamu unajaa juu ya wadudu na wengi wanakufa humo. Ndiyo maana mabwana shamba wa Kenya walisisitiza kwa miaka mingi kupaka shina la mbuni mkanda wa grisi usiopitika na sisimizi. Ni ushauri mzuri, na bado naukubali.

Lakini John Vandermeer na Ivette Perfecto wa Chuo Kikuu cha Michigan wamekaa miaka mingi kwenye shamba la kahawa la kivuli liitwalo Finca Irlanda, Chiapas, kusini mwa Mexico, wakafuatilia jambo hilo hadi mwisho wake. Huko sisimizi wa jenasi ya Azteca hujenga viota kwenye miti ya kivuli, lakini ni takribani asilimia 3 tu ya miti hiyo yenye viota. Chini ya miti hiyo michache vidugamba wa kijani hujaa kwenye mibuni, kwa sababu wanalindwa. Kwingine shambani ni haba. Kule kujaa ndiko kuvu nyeupe inakokutaka. Mvua zikishika, inawaka hapo chini ya kiota, inafyeka vidugamba karibu wote, na spora zake zinabaki kwenye majani, kwenye miguu ya sisimizi na kwenye udongo.

Kisha likaja jambo ambalo Zimmermann hakulitarajia. Kuvu hiyo haishii kwa wadudu. Inakula kuvu nyingine pia, na mojawapo ni Hemileia vastatrix, kutu ya majani ya kahawa, ugonjwa ambao Mwingereza mmoja mvumbuzi aliuripoti mwaka 1861 kwenye mibuni mwitu ya pande za Ziwa Viktoria. Ukitazama doa la kutu, lile la rangi ya chungwa upande wa chini wa jani, wakati mwingine unaona ukungu mweupe umelifunika. Mwaka 2009 Vandermeer, Perfecto na Heidi Liere walionyesha kwamba mibuni iliyokuwa karibu na mahali kuvu nyeupe ilipowaka ilikuwa na kutu kidogo kuliko ile ya mbali. Kwa maneno mengine, kidugamba anayenyonya mbuni, chini ya ulinzi wa sisimizi, ndiye anayemlisha adui wa kutu.

Sitaki kuikuza habari hii kupita kipimo chake. Athari iliyopimwa ilikuwa ndogo, na msimu wa 2012 na 2013 kutu ililipuka Amerika ya Kati kwa kiwango kilichowafukarisha wakulima wengi, kuvu nyeupe ikiwepo. Haikuwa ngao. Ninachokichukua kutoka Chiapas ni funzo la ukubwa wa eneo: vidugamba waliojaa kwenye vishina vichache, shamba lote likiwa salama, si dalili ya kushindwa. Ni ghala la kuvu. Mkulima akivamia vishina hivyo kwa sumu kila anapoviona, analichoma ghala kwa ajili ya hasara isiyofikia hata gharama ya sumu yenyewe.

Wapo watakaosema chupa ipo, na ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutokana na utafiti wa R. A. Hall pale Littlehampton, Uingereza, aina mbili za kuvu hii zilianza kuuzwa, moja kwa vidukari na nyingine kwa nzi weupe. Zilifanikiwa vizuri kwenye maua ya krisanthemamu ndani ya vitalu nyumba, ambako wakulima walikuwa na desturi ya kufunika mimea kwa plastiki usiku ili kuipunguzia saa za mwanga. Plastiki hiyo ilifungia unyevu, na unyevu ukaifanya kuvu iote. Ona mafanikio hayo yalisimama juu ya nini: usiku wenye maji hewani uliotengenezwa na mtu. Shamba la Moshi mwezi Januari halina plastiki. Lina kivuli, au halina.

Kuna tahadhari nyingine ambayo wapenzi wa kuvu huiruka. Kuvu ikiishi na vidugamba haimaanishi iko upande wetu. Jenasi ya Septobasidium, ambayo John Couch wa North Carolina aliiandikia kitabu kizima mwaka 1938, hutandaza mkeka laini juu ya tawi, na chini ya mkeka huo kuna vidugamba. Baadhi yao kuvu inawaingia na kuwafyonza polepole bila kuwaua mara moja, wakibaki hai miezi mingi lakini hawazai. Wengine inawaacha, na hao wanaendelea kuzaa wakiwa wamefichwa wasionwe na nyigu. Watoto wakitambaa kutoka nje, wengine wanatoka na kuvu mwilini na kuipeleka tawi jingine. Mti unanyonywa kwa niaba ya wote wawili. Hali hiyo huonekana kwenye chai na michungwa, na mtu asiyejua anaweza kuushangilia mkeka ule akidhani ni mkombozi.

Vilevile, huko jimbo la New York, miaka ya mwanzo ya 2000, vidugamba waliokuwa wakiua miti ya misonobari iitwayo hemlock walianza kufa kwa kuvu ya jenasi ya Colletotrichum, Colletotrichum fioriniae. Kwa msitu ilikuwa nafuu. Lakini kuvu hiyo hiyo huozesha matunda, na jenasi yake ndiyo iliyotuletea chulebuni, ugonjwa uliogunduliwa Kenya mwaka 1922 na unaoangusha kahawa changa mitini hadi leo. Anayetaka kukamata kuvu yoyote iliyoua kidugamba na kuizalisha kwenye ndoo afikirie hilo kwanza.

Chulebuni na kutu ndizo zilizotufunga kwenye shaba. Mkulima wa kahawa anayepiga dawa ya shaba mara kadhaa kwa msimu hafanyi hivyo kwa ujinga. Bila hiyo, mibuni ya zamani isingempa kitu. Kwa sababu hiyo naona hatua kubwa kuliko zote kwa faida ya kuvu nyeupe hapa kwetu imechukuliwa na watu ambao hawakuwa wakiifikiria: wazalishaji wa mbegu. Kenya ilitoa Ruiru 11 katikati ya miaka ya 1980 na Batian mwaka 2010. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye makao yake Lyamungu, nayo imetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu. Kila mbuni wa aina hizo unapunguza mizunguko ya bomba. Majani yanabaki bila unga wa mabaki, nyigu wanabaki hai, na kuvu inapata ngozi ya kidugamba iliyo tupu. Sioni mradi wowote wa kunyunyiza spora uwezao kulingana na hilo kwa bei.

Kihamba cha Mchagga, chenye migomba juu ya kahawa, kinatoa nusu nyingine ya kile kuvu inachohitaji. Chini ya mgomba asubuhi hukawia kukauka. Anayeng'oa kivuli chote ili apate mavuno mengi kwa miaka michache anakausha hewa ambayo kuvu ilikuwa ikiitegemea, kisha kiangazi anashangaa vidugamba wametoka wapi.

Kinachobaki ni miche na kiangazi, na hapo sitamwambia mtu angoje. Mche wa mwaka mmoja hauwezi kubeba vidugamba mpaka masika ifike. Futa majani kwa maji ya sabuni au mafuta mepesi ya kunyunyizia mimea, paka mkanda wa grisi kuzuia sisimizi, kata matawi yanayogusa ardhi au mti wa jirani ili wasipate daraja. Kwa mbuni mkubwa, geuza kwanza majani ya vishina kadhaa vilivyojaa. Ukikuta madoa meupe yenye duara yamezunguka wadudu waliokauka, na mvua ziko karibu, rudisha bomba stoo, uangalie tena mwezi unaofuata.